Usiichemshe hiyo pakiti kabla hujajua kilichomo

Mkuu, weka hiyo pakiti chini kwanza. Umesema umeanzishiwa dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha, rafiki kakuletea "chai ya presha" ya mimea saba, na unauliza kama unaweza kunywa vyote pamoja, rosela unywe vikombe vingapi, na kama ya moto ni bora kuliko ya baridi. Nimesoma vizuri tu mpaka pale ulipoandika "ina utamu wake wa asili, haihitaji sukari." Hapo nikaacha chakula.

Huo utamu wa asili ndio ulionilaza wodini.

Mimi nilikuwa kwenye dawa ya kukojoza kama wewe, presha inacheza 140 na kitu, haitishi lakini haishuki. Nikauziwa mchanganyiko. Nikaonja: mtamu, na utamu wenyewe unang'ang'ania ulimini muda mrefu baada ya kumeza. Nikamsifu muuzaji. Asubuhi nakunywa, jioni nakunywa, kazini naenda na chupa. Baada ya muda soksi zikaanza kuacha alama kwenye vifundo, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nikampigia muuzaji. Akajibu bila hata kusita: "Hiyo ni sumu inatoka, ongeza kikombe."

Nikaongeza. Ndiyo, shule nimekwenda na vyeti ninavyo, msinicheke.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika haraka. Kupanda ngazi mpaka nishike ukuta, mapaja hayana nguvu. Usiku misuli ya miguu inakaza. Moyo unaruka pigo moja, unanyamaza, halafu unakumbuka kazi yake. Mashine ya nyumbani ikasoma 170 na ushee, nikailaumu mashine, nikaibadilishia betri.

Hospitali wakakuta potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyategemea, imeshuka vibaya. Daktari akauliza nakunywa nini kingine, nikasema "chai tu." Akataka aione. Akaimwaga juu ya karatasi nyeupe, akaanza kuichambua kwa ncha ya kalamu: majani makavu, maganda, mbegu, halafu vipande vya njano vyenye nyuzinyuzi kama kamba iliyofumuka. Akanipa kimoja nitafune. Utamu uleule. Urukususu, mkuu. Kwenye vifungashio vingine huandikwa likorisi, na jina lake la kisayansi ni Glycyrrhiza. Kariri hilo jina hata kama ulimi unagoma.

Alivyonieleza ni hivi. Mwili una homoni ya kortisoli, na kwenye figo kuna kimeng'enya kinachoizima ili isifanye kazi ya homoni nyingine, aldosteroni. Urukususu una kitu kinaitwa glisirizini kinachokizuia hicho kimeng'enya. Kortisoli ikabaki huru, inaziamuru figo zishike chumvi na maji, na potasiamu imwagwe kwenye mkojo. Presha inapanda, miguu inavimba. Sasa ongeza dawa ya kukojoza, ambayo aina nyingi nazo humwaga potasiamu. Nilikuwa navuja kwa matundu mawili huku nikijisifu natumia vitu vya asili.

Na usidhani natia chumvi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 54 wa Massachusetts aliyekuwa anakula peremende za urukususu kila siku kwa wiki kadhaa. Moyo ulimsimama, akafa. Peremende! Pia ukiacha leo usitegemee kesho uwe sawa, athari yake inaweza kukaa wiki kadhaa.

Yule muuzaji baadaye nilimuuliza kwa nini hakuandika kilichomo. Eti ni siri ya ukoo. Mtu anakuuzia kitu kinachoingia tumboni mwako, kinachogusa moyo wako, halafu kilichomo ni siri yake na marehemu babu yake! Na mgonjwa akivimba, jibu liko tayari: sumu inatoka. Akizidi kuvimba, inatoka nyingi zaidi. Hapo huwezi kumshinda, kila dalili mbaya kwake ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi.

Rosela sina ugomvi nayo. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, uliotoka mwaka 2010: watu 65 wenye presha ya juu kidogo, ambao hawakuwa kwenye dawa za presha. Waliokunywa vikombe 3 vya rosela kwa siku kwa wiki 6 namba yao ya juu ilishuka kama 7, wenzao waliopewa kinywaji cha kuigiza ikashuka kama 1. Ni msaada mdogo, wa kweli. Lakini soma tena: hawakuwa kwenye dawa. Wewe uko kwenye dawa, kwa hiyo daktari wako ajue kabla hujaanza, na vidonge usiviguse kwa kuwa umepata majani.

Kanuni yangu ni moja tu: mmea mmoja kwa wakati mmoja, na uujue kwa jina. Rosela peke yake. Tangawizi peke yake. Pima presha umekaa, mgongo umeegemea, umetulia dakika 5, andika kwenye daftari. Ikipanda unajua wa kumshika shati. Ukinywa saba kwa pamoja utamshika nani? Tena humo ndani anaweza kuwemo mwingine mbaya zaidi, kama efedra, inayobana mishipa na kukimbiza moyo. Marekani waliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004. Mmea mmoja, mkuu. Mmoja.

Na kama umeshaanza kuinywa na miguu inavimba, misuli inalegea au moyo unaruka, usisubiri majibu ya watu hapa. Nenda hospitali leo, beba na pakiti, waambie wapime potasiamu.

Kama bado hujainywa, piga picha ya nyuma ya pakiti uiweke hapa tuisome pamoja. Kama nyuma kuna picha ya mzee anatabasamu na namba ya simu tu, usijisumbue kupiga.