Betri ya karavani kufa kila baada ya baridi

Kaka, umesema betri mbili za karavani yako (nyumba ya kukokotwa na gari) zimekufa baridi mbili mfululizo hapo Minnesota, Marekani; hiyo si bahati mbaya. Hata ukizima taa zote, king'ora cha kutambua gesi inayovuja kinaendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji, sahani zake za risasi za ndani zinaota salfeti, yaani ukoko unaozuia chaji, basi tena. Na ikiwa tupu inaganda hadi kupasuka. Ukiegesha, ijaze kwanza kisha chomoa waya wa hasi. Pima kwa mita: volti 12.6 imejaa, 12.1 ni nusu, usishuke hapo.

Yangu niliiacha kwenye chaja miezi mitano nikijiona mjanja. Nilipofungua vifuniko, maji yalishakauka kwa kuchajiwa mfululizo, sahani ziko nje! Ukihamia betri ya lithiamu, usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 Selsiasi.