Vijana wawili walizidiwa na Korona, baba yao mzee akapona. Kwa nini?

SWALI: Habari daktari, mimi ni Mama Salma wa Tanga. Kipindi cha Korona nyumba nzima tuliumwa. Baba mkwe ana miaka 71 na ana presha, akakohoa wiki moja akapona, mume wangu hata kitandani hakulala. Ila wadogo zake wawili, vijana kabisa, mmoja anacheza mpira kila jioni, wote walibanwa pumzi wakawekwa oksijeni na mmoja tukamzika. Wapo wanaosema walirogwa, wengine wanasema damu ya mama mkwe ndo mbovu, na mama wa watu amekonda kwa mawazo. Je, mtu anaweza kuzaliwa hivo? Na mwanangu wa kiume yuko salama?

JIBU: Pole sana Mama Salma, poleni kwa msiba. Ndiyo, inawezekana, na kuna kisa kinafanana mno na chenu. Mwaka 2020 huko Uholanzi watafiti wa mji wa Nijmegen waliletewa habari za ndugu wawili wa kiume wa familia moja, halafu wengine wawili wa familia nyingine, wote wa miaka 21 hadi 32, walikuwa wazima tu, na wote wakaishia kwenye mashine ya kupumulia, mmoja akafariki. Walipopima vinasaba vyao wakakuta wote wana hitilafu kwenye jeni moja (agizo la kurithi ndani ya seli) inayoitwa TLR7.

Hiyo TLR7 ni sehemu ya kinga tunayozaliwa nayo, ile inayofanya kazi kabla mwili haujatengeneza kingamwili, yaani askari wa damu wanaolenga ugonjwa fulani. Ni kama mlinzi wa getini, inakaa ndani ya seli na ikikuta RNA ya kirusi, yaani maagizo yake ya kuzaliana, inaamrisha interferoni zimwagwe, na interferoni ndo zinazoziambia seli za jirani zijikaze kirusi kisizaliane. Isipofanya kazi, siku za mwanzo zinapotea bure, virusi vinajaa, na kinga nyingine ikija kushtuka inakuja kwa vurugu mpaka mapafu yenyewe yanaumia. Misuli ya mpira haisaidii chochote hapo.

Sasa hili la mama mkwe, naomba mnisikilize vizuri. TLR7 ipo kwenye kromosomu ya X (kromosomu ni kifurushi cha jeni ndani ya seli), mwanamke anazo mbili, mwanaume moja tu na anaipata kwa mama. Kwahiyo mama anaweza kubeba hitilafu maisha yake yote asijue, yeye mwenyewe mzima, kwa sababu X ya pili inamkinga, na kila mtoto wa kiume ana nusu kwa nusu ya kuipata. Hakuna alichokula, hakuna alichokosea, na yeye ndo aliyefiwa na mtoto. Kumnyooshea kidole ni dhuluma, semeni hivo mbele ya ukoo mzima.

Mwanao wa kiume X yake ameitoa kwako wewe, sio kwa baba yake, kwahiyo hata kama baba zake wadogo walikuwa na hitilafu hiyo, kwa njia hiyo haimfikii.

Ila msikimbilie kusema ni TLR7 moja kwa moja. Utafiti wa mwaka 2021 uliangalia wanaume 1,202 waliozidiwa sana na Korona bila sababu ya kueleweka, 16 tu ndo walikuwa na hitilafu hiyo. Wengine shida ni kingamwili zao wenyewe zinazoshambulia interferoni: mwaka 2020 wagonjwa 101 kati ya 987 mahututi walikutwa nazo, na 95 kati ya hao walikuwa wanaume. Na kuchelewa hospitali nako kunaua bila jeni yoyote.

Huyo shemeji aliyebaki apate chanjo, maana chanjo inafundisha upande mwingine wa kinga ambao haungoji TLR7. Na akipata homa na kikohozi asikae nyumbani akisubiri ipite, aende siku hiyohiyo, na amweleze daktari kwamba yeye na ndugu yake walizidiwa pamoja, wakiwa vijana.