Kabla ya kuchimba msingi, hakikisha kompyuta inajua unajenga wapi

"Mwanangu, umenijengea tanuri."

Niliambiwa hivyo Goba, Dar es Salaam, mwezi wa kumi, saa kumi na nusu jioni, nikiwa nimesimama katika chumba kikuu cha nyumba niliyoichora mwenyewe. Mama mwenye nyumba alikuwa amefunga AC ya BTU 18,000 kwenye chumba ambacho kwa ukubwa wake ya 12,000 ingetosha, na bado pazia lilikuwa la moto ukiligusa. Umeme wa LUKU ulikuwa unaisha kabla hajasahau aliununua lini.

Kinachoniuma ni kwamba nyumba ile sikuichora kwa kubahatisha. Niliijenga nzima ndani ya kompyuta, kuta, madirisha, paa na samani, nikamwonyesha Mama hadi kivuli kinavyotembea barazani. Ila programu sikuiambia nyumba iko wapi. Ilibaki kwenye mji wa Marekani iliokuja nao. Kule jua la adhuhuri liko upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia Machi mwanzoni hadi Oktoba mapema jua la adhuhuri linakuwa kaskazini yetu. Kivuli nilichomwonyesha Mama kilikuwa cha watu wengine.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kwa mchoraji na kwa mwenye kiwanja pia: kabla ya kusifia picha, uliza modeli imewekwa mji gani, na kaskazini yake ni ipi. Upande wa juu wa karatasi si lazima uwe kaskazini. Chukua ramani ya upimaji ya kiwanja, tafuta mshale, kisha izungushe nyumba kwenye modeli mpaka ilingane nao. Ni kazi ya dakika tano. Mimi dakika hizo tano sikuzitoa.

Ukishafanya hivyo, modeli inaanza kusema mambo yenye faida. Chukua dirisha lenye kimo cha mita 1.2 kutoka chini hadi juu, linalotazama kaskazini. Mwezi Juni jua la adhuhuri Dar liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho, na upenu wa sentimita 70 juu tu ya dirisha unalifunika lote. Kwa dirisha la kusini, mwezi Desemba, sentimita 40 zinatosha. Sasa ligeuze dirisha hilo hilo litazame magharibi, saa kumi na nusu jioni ya Oktoba. Jua limeshuka hadi nyuzi kama 25, na upenu wa sentimita 60 unakupa kivuli cha sentimita 28 tu. Kioo chote kilichobaki kinapigwa na jua. Ndicho chumba cha Mama hicho: nilikielekeza magharibi kwa sababu mteremko ulionekana vizuri kutoka pale. Dawa ya upande huo ni kupunguza kioo, au kuweka choo, stoo na ngazi huko, vyumba vipumue kaskazini na kusini.

Nyumba za paa la kuficha nazo zimetuharibia. Zinapendeza barabarani, sibishi, lakini zimefuta upenu kabisa, halafu tunashangaa AC hailali.

Baada ya aibu ile nilijifunza EnergyPlus, programu ya bure ya Wizara ya Nishati ya Marekani. Unaipa modeli pamoja na faili la hali ya hewa lenye saa zote 8,760 za mwaka, nayo inapiga hesabu ya joto saa kwa saa. Inachosha mwanzoni, sikufichi. Kama jengo ni la ofisi au la kupangisha, anza na EDGE, mfumo wa kupima na kuthibitisha majengo yanayookoa nishati, wa IFC, shirika lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia; unatumika mtandaoni na ni mwepesi zaidi. Cheti chake kinadai upunguze kwa angalau asilimia 20 matumizi ya nishati, matumizi ya maji, na hewa ya ukaa inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi.

Angalizo: kompyuta haijui tunavyoishi. Usipoirekebisha inaweza kudhani nyumba imefungwa na AC inawaka mchana kutwa. Iambie ukweli: watu wanafungua madirisha, wana feni, kiyoyozi ni cha usiku. Iambie pia kwamba dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu, maana upepo wa kusi hauingii kwenye kioo kilichofungwa. Na tarakimu ya mwisho usiiabudu. Mimi naitumia kulinganisha: bati jeupe dhidi ya bati la maruni, dari yenye matundu ya kutolea joto dhidi ya iliyozibwa. Kinachoshinda kwenye modeli ndicho ninachompelekea mteja, kabla hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Nyumba ya Mama hatukuivunja. Tulipandisha ukuta wa matofali ya matundu mita moja mbele ya dirisha lile, kwa gharama yangu, na nyuma yake tukapanda mkungu. Ukuta umesaidia. Mkungu bado haujafika kwenye kizingiti cha dirisha. Nikipita Goba huwa nasimama kuupima kwa macho.