Supachaja kwenye GX100: funga Dodoma, pigia hesabu hewa ya Dar

Dodoma mjini ni mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwenye Toyota Chaser au Mark II ya bodi ya GX100 anayetaka kufunga supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini), hesabu zote zianzie hapo. Hewa ya hapa ina presha ya kPa 88 hivi. Dar ni kPa 101. Supachaja huzidisha presha inayoikuta mlangoni. Tuseme inazidisha mara 1.4: hapa silinda zinapata kPa 123 na geji, inayosoma ziada tu juu ya hewa ya nje, inaonyesha PSI 5. Teremka Gairo, pita Dumila, fika Dar na puli ileile: kPa 141, geji karibu PSI 6. Injini iliyokuwa tulivu barabara ya Bahi inaanza kugonga (petroli kujilipukia yenyewe ndani ya silinda) Kibaha, na fundi wa huko atalaumu petroli.

Injini ya gari hizi, 1G-FE ya cc 1,988, ina uwiano wa kompresheni (kiasi hewa inavyobanwa) wa 9.6 kwa 1 katika toleo la zamani, na 10 kwa 1 katika lile la VVT-i (linalobadili wakati wa valvu). Toyota wenyewe walipoweka supachaja kwenye injini ndugu yake, 1G-GZE, walishuka hadi 8 kwa 1. Kwa hiyo pistoni za kiwandani zikibaki, PSI 5 za Dar ziwe ukomo. Kwa geji ya Dodoma, hiyo ni PSI 4 na kidogo tu. Inaonekana haba, ndiyo. Pistoni iliyovunjika kati ya ringi ni haba zaidi.

Kabla ya kununua chochote, pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote sita zitoke, umeme wa plagi na petroli vikatwe, mtu akanyage mafuta hadi mwisho, kila silinda izungushwe mara sawa. Mwinuko unadanganya hapa pia: silinda inayosoma PSI 180 Dar itasoma 158 hivi Dodoma ikiwa nzima kabisa. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda. Isipite asilimia 10. Inayosoma chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shuku valvu au gasketi. Ukiweza kupata geji ya uvujaji (inayoingiza hewa ya presha kwenye silinda) ni bora zaidi, kwa sababu hewa inakuonyesha inakotorokea: ikisikika kwenye mfuniko wa oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi. Injini iliyofeli hapa ifunguliwe kwanza. Supachaja haifufui injini, inaiwahisha kaburini. Mkanda wa taimingi ambao historia yake huijui, badilisha sasa.

Mafuta ndipo wengi wanapobana hela, na ndipo injini nyingi zinapofia. Lengo likiwa farasi 200, zidisha kwa 0.6 (pauni za petroli kwa kila farasi kwa saa) upate pauni 120 za petroli kwa saa. Gawa kwa nozeli 6, kisha kwa 0.8 ili nozeli zisifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda: pauni 25 kila moja, sawa na cc 260 hivi kwa dakika. Regyuleta ya presha ya petroli iwe na mpira wa kutoka manifoldi, ili presha ya petroli ipande pamoja na ya hewa; kama msingi ni bar 3, kwenye mzigo, yaani injini ikikazwa, itakuwa karibu 3.4. Pampu hupungukiwa kadiri presha inavyopanda, kwa hiyo ipime ikiwa kwenye bar 3.4, siyo ikimwaga bure kwenye ndoo: sekunde 30 zitoe lita moja au zaidi. Fanyia kazi hiyo nje, injini imepoa, kizima moto kiwe karibu. Ikitoa kidogo, pima umeme kwenye pampu yenyewe kabla ya kuilaumu. Waya za miaka 25 hula volti. Rilei mpya na waya nene kutoka kwenye betri mara nyingi hutosha.

Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani haikuandaliwa kwa presha hii, na sensa ya MAP (ya presha ya hewa kwenye manifoldi) ya bar 1 haioni chochote ikishapita hewa ya nje. Weka kontrol boksi inayoweza kupangwa, sensa ya bar 2 au zaidi, na waidibendi (sensa ya mchanganyiko wa hewa na petroli) kwenye ekzosi. Kwenye mzigo lenga sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa 1 ya petroli. Moto (wakati wa cheche) urudishwe nyuma kama digrii 1 kwa kila PSI kwa kuanzia. Safu za presha kwenye jedwali la kontrol boksi ambazo gari haiwezi kuzifikia ikiwa Dodoma zijaze mapema, tena kwa tahadhari zaidi. Usiziache tupu eti hazitumiki. Plagi ziwe za daraja la joto lililo baridi zaidi kwa namba moja, na mwanya mm 0.7 hadi 0.8 ili cheche isizimwe na presha.

Supachaja ya mtumba, kama SC14 ya Toyota, izungushe kwa mkono: ikikwaruza, iache. Oili ya gia zake ni yake peke yake, usisahau kuibadilisha. Vumbi la kiangazi, Mei hadi Novemba, ni sumu kwa rota (vipande vinavyozunguka ndani yake), kwa hiyo tumia eakilina ya karatasi yenye boksi lililofungwa, kisha pitisha kidole ndani ya bomba baada yake. Ukiona unga, kuna mwanya. Hewa ya nyuzi 32 inaweza kutoka kwenye supachaja ikiwa na nyuzi 80 na zaidi, kwa hiyo intakula (kipoza hewa) siyo pambo.

Valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa oili kwenye injini) isiporuhusu upande mmoja tu, presha itaingia kwenye kreki (sehemu ya chini ya injini) na kusukuma oili kwenye sili, hata kurusha kijiti cha oili. Ni kifaa cha bei ndogo, badilisha. Mpira wa hewa wa breki nao uwe na valvu yake ya upande mmoja.

Rejeta isafishwe, feni ishike, na ndani iwe kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya kisima ya huku yana chumvi, yanaacha magamba. Giaboksi ya otomatiki iongezewe kipoza oili.

Puli zipangwe kwa rula ndefu, zisipishane hata mm 1, na mkanda uikumbatie puli ya supachaja angalau nusu. Presha ikishuka kwenye mizunguko ya juu huku mkanda ukilia, unateleza. Baada ya kuikaza injini mara chache za kwanza toa plagi, tazama kauri kwa lenzi: vidoa vidogo vinavyong'aa ni alumini ya pistoni. Ukiviona, usisafiri, punguza moto au badilisha puli, kisha pima tena.