Barua kwa mwanangu: kusubiri au kisu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa kibarazani peke yangu. Unaniuliza: "Mama, wewe ulikatwa titi hukungoja. Mimi nimekutwa na saratani ya titi ya mwanzoni, na daktari ananiambia naweza kufuatiliwa tu, bila upasuaji. Nifanyeje?"

Kwanza, usijipime kwa ugonjwa wangu. Si kweli kwamba sikungoja. Ule uvimbe niliugusa nikioga, mwaka 2011, mgumu kama kokwa ya ukwaju, hauumi. Zahanati ya kwanza wakaniambia ni mafuta, nami nikafurahi kuambiwa hivyo. Nikakaa miezi mitano. Nilipofika Dar wakachukua kinyama cha kupima, saratani ilikwishatoka kwenye mirija ya maziwa na kuingia tezi za kwapani. Ya namna ile haingojewi, hata wiki nne za kuchelewesha upasuaji zinaongeza hatari ya kufa. Unaikumbuka ile chupa ya maji ya kidonda iliyoning'inia ubavuni chini ya khanga? Wewe ndiye ulikuwa unaimwaga asubuhi na kuandika kipimo kwenye daftari. Halafu mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road. Sikutamanii hayo.

Yako, kwa ulivyonieleza, bado imo ndani ya mirija, haijavunja ukuta. Daraja la chini, inaitikia homoni, hakuna kinundu cha kushika. Wanawake wa aina yako, 957, wa miaka 40 kwenda juu, walifanyiwa utafiti hukohuko Marekani, na majibu yakatoka Desemba 2024. Kwa kura, wengine walipangiwa upasuaji, wengine kufuatiliwa kwa mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, kila miezi sita, wengi wakimeza na vidonge vya kuzuia homoni. Baada ya miaka miwili, saratani iliyovuka mirija ilionekana kwa asilimia 5.9 ya waliopangiwa upasuaji na asilimia 4.2 ya waliofuatiliwa. Kusubiri hakukuwazidishia hatari.

Ila miaka miwili ni michache, mwanangu, na wewe una 46. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Tena sindano ya kutoa kinyama cha kupima huchukua sehemu ndogo tu; mara nyingine titi likifunguliwa hukutwa ugonjwa mkubwa kuliko ulioonekana. Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, omba kinyama chako kisomwe na mtaalamu wa pili. Uliza na habari za vidonge, vina maudhi yake.

Ukitaka kauli yangu: majibu ya pili yakilingana na ya kwanza, subiri. Lakini kusubiri huku ni kazi, si kukaa. Mwaka jana uliahirisha jino mara tatu kwa sababu ya zamu za usiku, nami nilinyamaza. Kwa hili sinyamazi. Ukijijua kwamba tarehe zitakupita, au kila usiku utakuwa unajipapasa kwa hofu, basi nenda kafanyiwe upasuaji na usimwonee mtu haya. Wala si lazima liwe titi zima kama langu, mara nyingi huondolewa sehemu tu yenye tatizo. Mwamuzi ni wewe na daktari wako aliyeshika vipimo.

Ukipangiwa mamogramu ya kwanza, nitumie tarehe. Nitaiandika kwenye kalenda ya jikoni, na siku moja kabla nitakupigia, hata kama kwenu ni usiku wa manane.

Mama yako