Kabla Hujakata, Loweka: Mungu Alivyonifundisha Kwenye Cherehani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumanne iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja anayeuza dagaa pale mwaloni Kirumba, hapahapa Mwanza. Anatoka nyumbani saa kumi alfajiri, anarudi jua limeshazama, na akishika Biblia usingizi unamchukua kabla hajamaliza mistari mitano. Mwisho akaniuliza: "Dada fundi, wewe unamsikia Mungu saa ngapi?"

Swali hilo nimelala nalo siku nne. Najua wengi mnaonisoma mna njaa hiyohiyo. Mnataka kukua kiroho, mnataka Mungu awatumie, lakini siku imejaa kuanzia alfajiri. Jibu langu ni kwamba mimi namsikia kazini, mkasi ukiwa mkononi. Ila somo la kwanza alilonipa huko lilinigharimu kwaya yangu, na leo nitalisimulia lote.

Pasaka ya 2021 iliangukia tarehe 4 Aprili. Jumatatu ya Juma Takatifu, viongozi wa kwaya niliyokuwa naimba, sauti ya kwanza, miaka minane, waliniletea gauni 28 za kitenge. Zilikuwa sare za zamani, zimefuliwa mpaka rangi imetulia. Hela ya kushona mpya haikuwepo, wakaamua tubadilishe kola na mapindo ya mikono tu, tuweke kitambaa cheupe cha pamba kilichotoka Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Kitambaa kizuri, bado kina wanga wa dukani. Tukakubaliana shilingi 4,000 kwa gauni moja.

Bibi aliyenifundisha kushona alikuwa hakati pamba kavu. Analoweka usiku, anaanika asubuhi, anapiga pasi, ndipo anashika mkasi. "Pamba si yako mpaka inywe maji," ndivyo alivyokuwa akisema. Kitambaa cha pamba kikiguswa na maji mara ya kwanza kinarudi, yaani kinapungua urefu na upana, na hakuna fundi awezaye kukizuia. Nilijua yote hayo. Lakini ilikuwa masika, mvua ya Mwanza haikukatika tangu Jumapili ya Mitende, na nikajiambia nikiloweka mita zote zile zitakaukia wapi? Nikakata kavu. Nikashona usiku tatu mfululizo, na kwa kweli nilijivunia. Ijumaa Kuu walijaribu, kila kola ilikaa kama imechorwa.

Jumamosi akina mama wakazifua zote ili kutoa alama za chaki. Alfajiri ya Pasaka nikapigiwa simu. Kola zilikuwa zimerudi, shingo hazipiti. Waliolazimisha kuvaa, kitenge kilitatuka pembeni kabisa ya mshono wangu. Mshono wenyewe ulikuwa mzima! Kilichopasuka ni kile kitenge cha zamani, kimevutwa na kitambaa kipya mpaka kikashindwa. Kwaya ikaimba ufufuo imejitanda khanga mabegani.

Baada ya ibada, pale nje, mwalimu wa kwaya aliinua gauni moja juu watu wakitazama, akasema, "Hii ndiyo kazi ya fundi wetu." Watu wakacheka. Nilirudisha shilingi 112,000 zote, hata za gauni ambazo hazikutatuka. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nimelala saa ngapi juma lile. Nimesamehe, nimemwambia Mungu mara nyingi kwamba nimesamehe, lakini sitawadanganya: nikipita mbele ya lile kanisa kifua bado kinabana.

Miezi iliyofuata haina cha kusimulia. Niliacha kwaya, nikahamia usharika mwingine, nikawa naketi nyuma karibu na mlango.

Mwezi wa nane, katika kipindi cha Biblia cha jioni, tukasoma Marko 2, pale Yesu anaposema hakuna mtu ashonaye kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu. Mchungaji aliyekuwa akifundisha amesoma Kigiriki. Akaeleza kwamba hiyo "nguo mpya" kwa lugha ya mwanzo ni kitambaa ambacho bado hakijapita mikononi mwa dobi. Dobi, wapendwa! Neno lenyewe ni la ukoo mmoja na lile la dobi anayetajwa Marko 9:3, pale mavazi ya Yesu yalipong'aa mlimani. Bwana alikuwa anazungumzia kitambaa ambacho hakijalowekwa. Mathayo akiandika habari hiyohiyo anasema, "pale palipotatuka huzidi." Niliziona gauni zote 28 mbele ya macho yangu. Nililia mpaka jirani yangu akanishika bega.

Mstari ule nilikuwa nimeusikia tangu shule ya Jumapili. Ukahitaji mita za pamba na aibu ya Pasaka ili uingie. Tangu siku ile siamini mtu akiniambia kazi yake inamtenga na Mungu. Yesu alisema na watu waliojua kushona, kukanda unga, kupanda na kuvua, na alitumia vitu walivyoviacha nyumbani asubuhi hiyo. Paulo mwenyewe alikaa Korintho akishona mahema pamoja na Akila na Priskila, Matendo 18:3. Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea, wakilia. Hawakuwa na ushuhuda mwingine mkononi.

Na nikuulize wewe unayesoma: umekata vitu vingapi vikavu? Umeokoka mwezi wa pili, mwezi wa tatu unadai madhabahu. Ndoa imechanika, unashonea juu yake sherehe ya kumbukumbu na picha nzuri, lakini toba hakuna. Unataka kola nyeupe juu ya moyo uleule wa zamani. Kiraka hicho kitarudi siku ya maji, na kitaondoka na kipande cha kile ulichokuwa unakiokoa. Musa alilowekwa Midiani miaka arobaini. Daudi alipakwa mafuta, kisha akarudi kwa kondoo. Kaa kwenye beseni la Mungu, dada yangu. Kaa, kaka yangu, hata kama nje ni masika na unaona hutakauka kwa wakati.

Somo jingine la cherehani ni la Hana, mama yake Samweli. 1 Samweli 2:19 inasema alimfanyia mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka. Wahubiri wanaupita mstari huo mbio, lakini fundi hawezi. Mtoto anakua, na mama anamwona mara moja kwa mwaka. Vipimo alivipata wapi? Alikata kwa kukisia, urefu wa mtoto asiyemwona, miezi na miezi mbele. Mimi nina binti anayesoma bweni, na kila muhula namwachia akiba kwenye pindo la sketi, vidole vitatu, ili ikifunguliwa imfae. Nikikunja lile pindo namwombea. Pindo hilo ndilo ombi langu refu kuliko yote.

Sasa, dada wa Kirumba, ninachofanya ni kidogo tu. Ukurasa wa nyuma wa daftari langu la vipimo nauandika jambo moja la siku hiyo: uzi uliokatika, mteja aliyekataa kulipa, sindano iliyovunjika. Halafu usiku namuuliza Bwana alikuwa ananiambia nini hapo. Siku nyingine sipati jibu, naliacha jambo hilo liloweke. Kabla sijakata kitambaa cha mtu nasimama kidogo, naomba, ndipo nakata. Basi, sina zaidi.

Ya dagaa siwezi kukufundisha, sijawahi kuwaanika. Ninachojua ni kile ninachokiona nikija kununua: walioanikwa mchangani wanakuja na mchanga, walioanikwa kwenye chanja wanakuja safi na bei yao iko juu, na wingu likitanda mnakimbia wote kama mnaokoa mtoto. Na najua Luka 5 inaanza na wavuvi wameshuka chomboni, wamechoka, wanaosha nyavu. Kesho ukifika pale saa kumi na moja, ukitandaza chanja yako, tazama vizuri. Kisha uniandikie umeona nini, hata mistari miwili.