Weka maziwa kando kwanza

Dada yangu, nimekuelewa: umenunua majani ya chai ya Kericho (Kenya), ya Mufindi (Tanzania) na ya Darjeeling (India), ukayachemsha yote kwa maziwa na tangawizi, na huoni tofauti. Tangawizi imeyafunika. Anza na chai ya rangi, bila sukari.

Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Chai ya Kericho mara nyingi ni punje nzito zilizokatwakatwa na mashine, ilhali majani marefu ya Darjeeling hujaza kijiko kwa uzito mdogo. Kipimo cha kimataifa cha waonjaji ni gramu 2 kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, kisha huchuja. Mimi nyumbani huishia dakika 4, maana sita ni kali mno. Maji yawe ya chanzo kimoja. Ya kisima chenye chumvi huua harufu.

Ikipoa kidogo, ivute kwa sauti kama uji wa moto, ipite ulimi mzima. Tafuta ukakasi kwenye fizi, uzito, na harufu inayobaki ukishameza. Kericho na Mufindi zitakaribiana. Mwombe mtu akupangie vikombe bila wewe kujua kipi ni kipi. Darjeeling utaitambua mapema: rangi hafifu, harufu ya maua. Hiyo usiitie maziwa kabisa, utaiharibu.

Kama una ujauzito au upungufu wa damu, zungumza na daktari kwanza. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini.